Boti Iliyokataa Kuwa Hori

Mwalimu Ndeshi Nanyaro alikuwa na mambo mawili ambayo hakuruhusu yafanyiwe mzaha mbele yake: Kiswahili na jina la ukoo. La kwanza alilipigania miaka yote aliyoshika chaki. La pili aliachiwa na marehemu mumewe, Gadiel, pamoja na shamba la kahawa, migomba, na boti.

Boti, ndiyo. Ukoo wa Nanyaro ulikaa mteremko wa Meru tangu enzi za mababu, ukalima, ukafuga, ukaimba kwaya, lakini hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumiliki kitu kinachoelea. Gadiel ndiye aliyeanza. Alikuwa bwana samaki kule Mwanza, na alipostaafu akarudi nyumbani na mapenzi ya maji yasiyotibika. Akaunda boti ya mbao kwa mtindo wa watu wa Ukerewe, akaipaka rangi ya kijani na nyeupe, akaishusha Ziwa Duluti, na ubavuni akaandika kwa herufi kubwa jina la baba yake: THOMASI.

Mdogo wake, Sifaeli, alitazama herufi zile akatikisa kichwa. "Kaka, baba hakujua hata kuogelea. Leo umemlaza majini."

"Sasa atajifunza," Gadiel alijibu.

Kwa miaka mingi Thomasi alibeba wanakwaya, maharusi waliotaka picha, na Jumamosi jioni alimbeba Mwalimu Ndeshi mwenyewe, ameketi wima na mwavuli wake kama yuko kwenye kiti cha ofisini, mumewe akipiga kasia. Baridi ya Juni ilipoingia, mlima ukajifunika ukungu na watu wakaacha kwenda ziwani, Gadiel hakuitoa boti. Alishinda kule siku kadhaa akiitayarisha, akarudi nyumbani amelowa, mikono inanuka mawese, na boti ikaelea pale pale hadi jua liliporudi. Mwalimu hakuwahi kumuuliza alikuwa akifanya nini hasa. Wakati huo alikuwa na madaftari ya wanafunzi mezani na mambo ya mikono yenye mawese aliyaacha nje ya mlango.

Kisha Gadiel akafariki, wakati wa masika, na kosa likatendeka. Lilitendeka kwa upendo, na Mwalimu alikuwa wa kwanza kulisema hilo kwa yeyote aliyetaka kumcheka shemeji yake.

Sifaeli, ambaye sasa ndiye aliyekuwa mkubwa katika boma, aliitazama boti ya kaka yake ikiwa peke yake kwenye manyunyu, roho ikamuuma. Akaleta vijana, wakaibeba hadi kwake, wakaipandisha juu ya magogo katika banda la zamani la ng'ombe. Huko akaitunza kama anavyotunza kitu cha thamani kuliko vyote alivyo navyo, yaani mbegu. Mbegu ya mahindi nyumbani kwa Sifaeli hutundikwa juu ya jiko, ikala moshi miezi yote ya baridi, na dumuzi hawaisogelei. Basi na Thomasi naye akalishwa moshi. Kila asubuhi moto wa kuni mbichi uliwashwa chini yake. Ilipofika Septemba boti ilikuwa nyeusi, kavu, inang'aa kama chungu cha bibi, na Sifaeli aliigonga kwa kiganja akasikia ikilia kama ngoma. Akafurahi sana.

Ilishushwa ziwani siku ya arusi ya mwalimu wa kwaya. Bibi arusi alikuwa ametia mguu mmoja ndani, mwingine bado uko nchi kavu, maji yalipoanza kuingia kupitia kila kiungo cha mbao kama maziwa kwenye chujio. Walimvuta kwa nyuma, viatu vyake vikabaki. Thomasi akateremka taratibu, bila haraka, mbele ya wachungaji wawili na umati wa wageni, hadi zikabaki ncha za herufi tu.

Wiki nzima sokoni Tengeru watu walisalimiana hivi: "Umesikia? Thomasi kazama!"

Mwalimu Ndeshi alinunua ndizi zake siku ya soko kama kawaida, mgongo umenyooka, akajibu salamu zote. Alipofika nyumbani alifunga mlango, akaketi kitandani upande wa Gadiel.

Boti ilivutwa ufukweni ikapinduliwa, na pale ikalala hadi mwaka uliofuata. Baada ya Pentekoste, masika yakiwa yanaisha, Sifaeli aliitisha kikao cha ukoo nyumbani kwake. Chai ilipokwisha kumiminwa akasafisha koo.

"Shemeji, nisikilize bila kukasirika. Boti isiyoelea ni hori. Ng'ombe wangu wanakula chini kama kuku. Nipe niikate katikati, nipate mahori mawili mazuri, na jambo hili liishe."

"Jina la baba yako lilambwe na ng'ombe?" Mwalimu aliuliza.

"Baba aliwapenda ng'ombe kuliko samaki. Hata angeulizwa yeye..."

Watu wakacheka, hata Mwalimu nusura acheke, lakini alijizuia kwa kunywa chai. Alijua vizuri kitakachotokea. Boti ikikatwa, arusi ile ndiyo itakuwa habari ya mwisho ya Thomasi na ya Gadiel hapa duniani. Wajukuu zake watakua wakiambiwa kwamba babu yao aliunda kitu kikazama, kikaishia zizini.

"Nipe msimu huu wa baridi," alisema. "Nitaishusha majini sasa hivi, ikae majini mpaka Sikukuu ya Mavuno. Siku hiyo ikiwa inaelea, hakuna atakayetaja hori tena. Ikiwa imezama, nitakushikia msumeno mwenyewe."

"Utanishikia wewe?"

"Mimi, na gauni langu la kanisani."

Sifaeli aliwageukia wazee. "Mmesikia wote. Mwalimu hasemi mara mbili."

Kesho yake Mwalimu alikwenda mjini, Ngarenaro, kwa mafundi magodoro. Alifuatana na rafiki yake Hedwiga, mjane mwenzake, Mkatoliki wa Kibosho aliyeolewa Umeruni na asiyejua kunyamaza.

"Pamba hii ya mto au ya godoro, mama?" fundi aliuliza.

"Ya boti."

Fundi aliacha kupima. "Boti ya wapi, mama? Ya Mto Naura?"

"Mpe pamba, kijana," Hedwiga alidakia, "ukichelewa gharika litakukuta hapa Ngarenaro na hatutakupakia."

Walinunua pamba, mafuta ya mawese, turubai, kamba, na rangi nyeupe kopo dogo. Siku zilizofuata wanawake wale wawili walishinda ufukweni wamevaa makoti ya wanaume na mabuti. Walikwangua masizi ya moshi mpaka rangi ya zamani ikaonekana. Walisokota pamba ikawa kama utambi mnene, wakaichovya kwenye mawese, wakaishindilia katika kila mwanya kwa patasi butu na nyundo, kama Mwalimu alivyowahi kumwona mumewe akifanya kwa mbali. Mlinzi wa upande ule wa ziwa, Mwarusha mmoja aitwaye Lerionka, aliwatazama akiwa ameegemea fimbo yake, shuka limefunika mpaka masikio.

"Mwalimu, shikamoo. Mnamshonea nguo huyu?"

"Marahaba, Lerionka. Tunamziba."

"Sisi kwetu boti ni ng'ombe. Akitoboka unamla."

"Ndiyo maana hatukukupa kazi hii," Hedwiga akamjibu.

Walipoishusha majini, ikavuja. Haikuvuja kama siku ya arusi, lakini ilivuja, hapa uzi mwembamba, pale tone, kule mchirizi, na kabla Hedwiga hajamaliza kula kiazi chake maji yalikuwa yamefunika vifundo vya miguu. Waliivuta tena nchi kavu. Wakaongeza pamba, ikavuja tena. Mbao zilikuwa zimenyauka mno kwa ule moshi. Ungeziba mwanya mmoja, mwingine ungefunguka jirani yake.

"Mama Nancy," Hedwiga alimwambia Mwalimu, na safari hii hakutania, "labda mbao zenyewe zimeshakufa."

Mwalimu alirudi nyumbani, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kukaa na huzuni mikono mitupu, alichukua jembe akaenda kupalilia migomba. Pigo la kwanza, jembe likachomoka kwenye mpini likarukia kwenye majani. Lilikuwa halijatumika tangu kiangazi, mpini umekauka, tundu limekuwa kubwa kwake. Akaliokota, akalirudisha kwenye mpini, akalipeleka kulilaza kwenye mfereji, kama alivyofundishwa na mama yake, na kama afanyavyo kila mtu mlimani pale jembe likilegea. Hakuna anayenunua kabari. Jembe linalala majini, mti unakunywa, unavimba, asubuhi hata fahali hawezi kulichomoa.

Alikuwa ameshaweka jiwe juu ya mpini ili usielee, amekwisha kugeuka kwenda zake, aliposimama.

Akarudi akaliangalia jembe lile chini ya maji kwa muda mrefu. Halafu akacheka, peke yake kwenye migomba. "Gadiel," akasema, "kumbe ndiyo maana ulikuwa unarudi umelowa."

Siku iliyofuata yeye na Hedwiga waliisukuma boti mpaka kwenye maji ya magotini, karibu kabisa na ufukwe, wakaifunga kwa kamba mbili kwenye miti. Kisha wakaanza kuipakia mawe. Lerionka aliacha fimbo.

"Mwalimu! Itazama!"

"Ndiyo ninachotaka."

"Unaizamisha?"

"Nainywesha. Watu wakikuuliza, waambie hivi tu: Mwalimu anajua anachofanya."

Lerionka alikuwa mtu mwaminifu. Kila aliyepita akaona herufi za THOMASI zikichungulia juu ya maji na kuuliza kulikoni, alijibu neno kwa neno kama alivyoagizwa: "Mwalimu anajua anachofanya." Na kila aliyejibiwa hivyo alikwenda zake na habari iliyokuwa mbaya kuliko ya awali. Ilipofika sokoni, habari ilikuwa kwamba boti imezama tena na safari hii Mwalimu ameizamisha mwenyewe, kwa mawe, kwa hasira. Ilipofika kwa Sifaeli ilikuwa imeongezwa kwamba alikuwa analia.

Jumapili, ibada ilipokwisha, Mwalimu alisikia mlio wa pawatila, lile trekta dogo la Sifaeli, ukielekea ziwani. Hakukimbia. Alipita nyumbani kwanza, akachukua kitu nyuma ya nyumba, akakifunga kwenye kanga, na Hedwiga akamfuata.

Sifaeli alikuwa ameshafika. Alikuwa bado na suti yake ya kanisani, suruali ameichomeka kwenye mabuti, na pamoja naye walikuwapo wanaume wawili wa ukoo, mnyororo, na msumeno. Waumini waliokuwa wakirudi makwao nao walikuwa wamepotea njia wote kwa pamoja, wakajikuta ufukweni.

"Shemeji, pole," Sifaeli alisema, na alimaanisha. Sauti yake ilikuwa ya msibani. "Sikuja kukudai msumeno. Nimekuja kumtoa baba huko chini. Watu wanasema mengi, na jina ni letu sote."

"Watu waache waseme. Wewe umeniuliza mimi?"

"Niulize nini? Si hii hapa, imezama!"

"Haijazama. Imelazwa."

Umati ukaguna. Mmoja akasema, "Maskini," na Hedwiga akamgeukia kwa jicho ambalo lilimfanya asogee nyuma.

Mwalimu akafungua kanga. Ndani yake mlikuwa na jembe. Akampa Sifaeli kwa mikono miwili, kama anampa mgeni kikombe.

"Shemeji, lichomoe hili."

Sifaeli alilitazama jembe, akamtazama yeye. Akashika mpini, akavuta. Akalikanyaga kwa buti, akavuta kwa mikono yote miwili mpaka tai ikamrukia begani. Jembe halikutikisika.

"Lilikuwa linacheza," Mwalimu alisema. "Lilichomoka mkononi mwangu nikipalilia. Sasa niambie wewe, mkulima: nimelifanya nini?"

"Umelilaza mferejini," Sifaeli akasema, hata bila kufikiri.

"Kwa nini?"

"Mti ulikauka. Lazima unywe kwanza, uvimbe, ndipo..."

Aligeuza kichwa polepole akaiangalia boti, mawe yake, kamba zake mbili zilizofungwa kwa mafundo mazuri. Halafu akakumbuka kitu kingine, na hapo uso wake ukabadilika. "Na mimi nikamlisha moshi," alisema kwa sauti ya chini. "Miezi yote ile."

"Ulimtunza kama mbegu," Mwalimu akamjibu kwa sauti iliyotosha kusikika hadi mwisho wa umati. "Hakuna aliyemtunza marehemu kaka yako kwa upendo kama wewe. Mbegu inataka moshi. Boti inataka maji. Sasa utanisaidia kutoa mawe, au suti itaharibika?"

Suti iliharibika. Sifaeli aliingia majini akiwa wa kwanza, wanaume wale wawili wakamfuata, mawe yakatolewa moja moja yakatupwa ufukweni. Kisha ndoo, masufuria, hata kofia, maji yakawa yanachotwa na kumwagwa. Boti ikajitikisa. Ilianza kuinuka, nyuma kwanza, mbele bado imeinama.

"Angalia!" Sifaeli akapiga kelele. "Anainuka kama ng'ombe! Nyuma kwanza!"

Lerionka, aliyekuwa amesimama kando kwa heshima, akatikisa kichwa akiridhika. Kwa mara ya kwanza jambo hili la boti lilikuwa limesemwa kwa lugha inayoeleweka.

Walipomaliza kuikausha, wote walikaa kuitazama sakafu yake, kama watu wanaosubiri maziwa yachemke. Hapa na pale mbao zilitoa unyevu kidogo. Mchirizi haukuja. Hedwiga akala kiazi chake mpaka mwisho, kwa makusudi, taratibu, miguu ikiwa mikavu.

"Inatoka jasho tu," alitangaza.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya kuilinda isijae manyunyu. Walipinda mianzi juu yake wakatandika turubai, limeinama pande zote maji yateleze. Waliifunga mbele na nyuma, kamba zikiwa na ulegevu, maana ziwa hupanda. Ubavuni walitundika matairi ya bodaboda yaliyochakaa ili isijigonge kwenye gogo. Ndani waliacha dumu lililokatwa nusu, la kuchotea. Sifaeli alikagua kila fundo, akarudia kuyafunga yale aliyoona hayafai, kisha Mwalimu akayafungua akayarudisha kama yalivyokuwa, naye akajifanya hajaona.

Baridi ikaja, baridi ile ya Julai ambayo watu wa mlimani hulala na makoti. Ukungu ulishuka hadi kwenye migomba, mlima haukuonekana wiki baada ya wiki. Mwalimu alikwenda ziwani mara kwa mara kuchota maji yaliyopenya, na alianza kushangaa, maana mara nyingi alikuta boti kavu. Alimuuliza Lerionka.

"Mwalimu, mimi ni mtu wa kutunza siri."

"Za nani?"

"Za shemeji yako, lakini sitakwambia."

Asubuhi moja akatangulia mapema, akasimama nyuma ya mti. Sifaeli alikuwa ndani ya boti, chini ya turubai, amepiga magoti, anachota. Alikuwa akizungumza. Mwalimu hakusogea karibu kusikia. Aliona tu kwamba mtu yule, ambaye hakuwahi kuketi ndani ya Thomasi hata siku moja kaka yake alipokuwa hai, alikuwa amekwisha kuchota maji yote na bado hakuwa na haraka ya kutoka. Akarudi nyumbani kwa njia nyingine, akachemsha chai nyingi kuliko alivyohitaji, na Sifaeli alipopita kusalimia hakumuuliza kwa nini magoti yake yamelowa.

Sikukuu ya Mavuno ilikuta jua limerudi. Turubai liliondolewa. Thomasi alikuwa juu ya maji, kijani na nyeupe, amepauka rangi lakini amenyooka, kama mzee aliyetoka kuumwa akavaa vizuri. Herufi sita za kwanza zilikuwa zimepakwa rangi mpya na Mwalimu mwenyewe. Ya saba, ile I ya mwisho, aliiacha. Alimpa Sifaeli brashi.

"Malizia."

Alimalizia, ulimi umetoka kidogo kama wa mwanafunzi. Kisha Mwalimu akaingia, akaketi wima na mwavuli wake, Hedwiga akashika kasia, na wote wawili wakamtazama.

"Mimi?" Sifaeli alisema. "Sijui kuogelea."

"Baba yako naye hakujua," Hedwiga akamwambia. "Panda."

Alipanda. Aliketi katikati kabisa, ameshika mbao pande zote mbili, mkungu wake wa ndizi za mavuno uko mapajani, na macho ameyafumba mpaka walipofika katikati ya ziwa. Alipoyafumbua, mlima wote ulikuwa wazi juu yao na wa pili wake ulikuwa ndani ya maji. Ufukweni kwaya ilikuwa ikishangilia, na mtu mmoja akapaza sauti, "Baba Daniel! Hori liko wapi?"

"Muulize Mwalimu!" Sifaeli akajibu, kisha akashika mbao tena haraka.

Ng'ombe, hata hivyo, walikuwa bado wanakula chini kama kuku. Mwezi uliofuata Sifaeli aliangusha mgrevilea wake mmoja, akachonga hori zuri, refu. Jua lilikuwa kali, na mti mbichi ukapasuka ufa toka mwisho mmoja hadi mwingine. Hakuuliza mtu. Alilipakia kwenye pawatila, akalipeleka Duluti, akalilaza majini kando ya boti, akaweka mawe juu yake.

Jumamosi hiyo Mwalimu Ndeshi alikuwa sokoni akichagua ndizi, muuzaji akamwinamia. "Mwalimu, umesikia? Hori la shemeji yako limezama!"

Mwalimu alimaliza kuchagua chane yake. Aliiweka kwenye kikapu vizuri, mgongo umenyooka.

"Shemeji yangu," alisema, "anajua anachofanya."